Susa Juu ya Seva

Mimi si mwepesi wa kusifu watu, na wafanyakazi wa zahanati yetu hapa Isiolo wanalijua hilo. Lakini Kinanu, anayetunza kompyuta zetu, anastahili. Kila Ijumaa hunakili seva nzima kwenye diski, kisha huenda nayo kwake na kuifungia ndani ya mkebe wa unga. Watu humcheka. Yeye huendelea.

Asubuhi moja tulikuta seva imekufa, inanuka maziwa. Istahil, anayetupikia chai, hakujificha.

"Ni mimi, walahi. Maziwa ya ngamia yanataka joto ndiyo yachachuke yawe susa. Nikaona hii mashine iko na joto siku zote, nikaweka mtungi juu. Kumbe kifuniko kimeruka."

"Mama Istahil, umeinyonyesha seva!" alisema Kinanu.

Kicheko hakikudumu. Gari la chanjo la kwenda Merti lilikuwa tayari, na majina ya watoto waliobakiza dozi yalikuwa ndani ya seva hiyo.

"Familia zile zinahama na mifugo," alisema Guracha, muuguzi. "Bila majina nitamdunga nani? Na nisipoenda leo, nitawapata wapi tena?"

Kinanu akaifuata diski yake. Seva nyingine ya aina ile haikuwepo mjini. Stoo kulikuwa na kompyuta kuukuu ya kampuni tofauti kabisa, akairudishia nakala humo. Ikawaka, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika.

"Imekataa?" aliuliza Guracha.

"Bado inadhani iko nyumba ya zamani. Inatafuta mlango mahali ulipokuwa."

Akatafuta programu ndogo ya kuiwezesha nakala kuitambua diski ya mashine ile ngeni, akaipachika, akawasha. Istahil alisimama mlangoni akisoma dua. Majina yakajaa kwenye kioo. Guracha akayachapisha, akaondoka bila hata kunywa chai.

Nilitaka Istahil apewe barua ya onyo. Kazi ni kazi.

"Madam," alisema Kinanu, "amesema ukweli kabla ya kuulizwa. Na kile chumba cha seva hatujawahi kukifunga."

Nikatia kufuli, barua nikaiacha.

Kesho yake Guracha alipiga simu kutoka Merti, watoto wakilia nyuma yake. "Wasikie! Nimewapata!"

Istahil akamletea Kinanu kikombe cha susa. Kinanu alikipokea kwa mikono miwili, akaenda kukinywea nje, uani.