Maji ya Koyama Mezani kwa Wafaa

Saa mbili asubuhi, Wafaa Mukhtar hatulii. Katika maabara ndogo ya maji mjini Mombasa, anazunguka meza, anachungulia kioo cha mashine, anaondoka, anarudi.

"We Wafaa, utatoboa sakafu!" anamtania mwenzake, Rukia. "Mashine haiendi mbio kwa kukodolewa macho."

Kwenye kikombe cha mashine mna maji ya kisima cha Koyama, kisiwa cha kwao alichokikimbia wakati wa vita, mwaka 1991, mtoto mdogo aking'ang'ania leso ya mamake. Mashine hupitisha umeme mdogo, madini yaliyojificha majini yakajikusanya kwenye ncha ya waya. Umeme ukigeuzwa yanabanduka, na kila aina huchora kilima chake kwenye kioo.

Leo kilima cha risasi, madini yenye sumu inayodumaza akili za watoto, kimesimama kama mnara: mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa.

Anaosha vyombo kwa tindikali, anapima maji safi ya maabara. Hakuna kilima. Anarudia ya Koyama. Kile kile.

Nyumbani Kisauni, mamake, Mwanahija, keshafunga mizigo. Ijumaa anarudi Koyama na wajukuu wawili, na nusu ya mtaa imeshapita kumuaga na kumlia pilau yake.

"Mchu huchoka kuwa mgeni," anasema kwa lahaja ya kisiwani, ambako mtu ni mchu.

Wafaa anamkabili Fuadi, ami yake mvuvi, aliyeyaleta maji.

"Ami, uliyateka kwa chombo gani?"

"Ndoo ya kisima. Haitoki, hulala mle mle."

"Ya plastiki? Mbona haielei?"

"Sisi wavuvi, mwanangu! Tumeifunga mdomoni chubwi za kuzamishia nyavu."

Wafaa anakaa, anasimama tena. Chubwi hizo ni risasi tupu.

"Ami, mnakunywa chubwi!"

Fuadi anacheka, kisha kicheko kinamkauka. Wanawe wanakunywa kisima hicho hicho.

"Huenda ni chubwi, huenda ni kisima chenyewe," anasema Wafaa. "Sitaapa kabla ya kupima."

Wamekubaliana: Fuadi atazikata chubwi, afunge jiwe, watu wakikaushe kisima. Kikijaa upya, atateka kwa chupa alizooshewa na Wafaa.

Ijumaa mashua inaondoka bila Mwanahija. Mizigo hajaifungua, ameikalia.

"Siku kioo kitakapotoka tambarare, bila kilima, mama, nitakubebea mizigo mwenyewe mpaka pwani," Wafaa anaahidi, akizunguka chumba na kuchungulia dirishani kwa mara nyingine.

"Basi keti, mwanangu. Utanibebea kwa miguu ipi?"