Kaseti ya Mwamerika

Miaka ya tisini, pale kwangu Oyugis, nilikuwa na mpangaji Mwamerika. Mchana alikuwa anafundisha hesabu shule ya upili, jioni anachezea timu yetu ya soko. Aliniita dani, yaani nyanya, kama watoto wote wa boma. "Dani, mimi iko njaa kubwa." Na mimi namjibu vile vile, kwa pua, "Hata mimi iko ugali kubwa." Anacheka mpaka anashika ukuta.

Shida yake ilikuwa moja tu. Alitaka kucheza mpira Ulaya, kwa zile ligi kubwa. Nikamuuliza, "Vijana wetu wanalia waende kwenu, na wewe unatoroka kwenu unaenda wapi?" Akaniambia Kombe la Dunia imechezwa kwao juzi tu, watu wakaangalia, halafu wakarudi kwa mpira yao ya kushika na mikono. Mchezaji wa kwao akifika Ulaya wanamwangalia kama ng'ombe hana pembe. Hiyo ya ng'ombe ni yangu, lakini maana ni yake.

Sasa kulikuwa na sista wa misheni, Mjerumani, anarudi kwao Jumatatu. Ndugu yake anafanya kazi kwa klabu kubwa huko. Sista akasema, "Nipe kaseti ya video unacheza, nitampa kwa mkono." Mechi iliyobaki ilikuwa moja, Jumamosi, na timu ya Migori.

Mimi ndio nilileta mtu wa kamera. Huyo jamaa alikuwa amepiga video ya matanga ya mzee wangu, na hakuna mtu alikosa kuonekana. Nikamwambia, "Fanya kama ile ya mzee." Akavuta suruali juu, akajibu kwa ile sauti ya mtu wa redio, "Mama, kwangu hakuna mtu ataachwa nje."

Mwamerika alicheza siku hiyo, wacha tu. Akafunga mabao mawili. Mimi sijui mpira, lakini najua mtu akiwa na haraka ya maisha.

Jumapili, tukitoka kanisa, tukaenda kwa duka ya huyo jamaa kuona. Video ikaanza na chifu. Chifu anashuka kwa baiskeli, chifu anasalimia, chifu anakaa. Halafu wazee, mmoja mmoja, kofia zao zote. Halafu timu imesimama kwa laini, mikono mbele, kimya, ungesema jeneza iko hapo miguuni. Mpira ikaanza, kamera ikaenda kwa wamama. Tukasikia watu wanapiga kelele, goli, na kwa skrini ni mimi, mdomo imejaa mahindi. Goli ya pili, kamera ilikuwa inatafuta mke wa chifu.

Mwenye kamera akazima video, akasema polepole, "Lakini mwalimu, umeonekana. Pale kwa laini uso yako imetoka safi kabisa."

"Wao hawataki uso," Mwamerika akasema. "Wanataka miguu."

Jamaa hakuelewa. Kwake mtu aliyekuja lazima aonekane amekuja, hiyo ndiyo heshima. Hata mimi ndivyo nilidhani, na ndio maana nilimleta. Nikamwambia Mwamerika, "Nyathina, ni mimi nimekuharibia." Nyathina ni mtoto wangu. Alikuwa ameshika kichwa. Akasema, "Hapana, dani. Nilisahau kukuambia ni nini nataka waone."

Jumatatu sista akaenda na barua tu. Jibu ikakuja baada ya mvua ndefu, karatasi moja. Mwamerika akanisomea jikoni: hawawezi kumwita mtu hawajamwona akicheza. Akakunja karatasi, akala samaki yake yote, akanyonya hata kichwa.

Kazi yake ya ualimu ilipoisha hakurudi kwao. Alienda Ujerumani bila kuitwa, akisema atasimama kwa geti ya hiyo klabu na viatu yake mpaka mtu amwambie ingia, ama toka. Kabla aende nilimwuliza kama haoni haya, mtu mzima kusimama kwa geti ya watu.

"Naona," akasema. "Lakini hapo itakuwa ni mimi mwenyewe, si barua."

Sijui walimwambia ingia, ama toka. Kaseti aliniachia, na sina mashine ya kuichezesha.