Anayebisha Mara Tatu Ngomeni

Ngome ile ina miaka mia saba na kuta nene kuliko urefu wa mtu aliyelala, lakini sifa yake kubwa ni mzimu. Inasemekana mfungwa alisahauliwa katika chumba cha chini kabisa, na kila jioni hubisha mara tatu ili afunguliwe. Watu hutoka mbali kuja kumsikia. Mwongoza wageni wao, mama wa miaka hamsini na minane anayeitwa Mama Funguo, kwa miaka ishirini na sita hajamsikia hata siku moja, naye husema hivyo waziwazi.

Hilo lilimkera mkuu mpya wa ngome. Wageni wawili walikwisha kulalamika kwamba wameharibiwa raha. Akamwita ofisini na kumwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba akija mlalamikaji wa tatu, mama atahamishiwa getini kukata tiketi.

Mama Funguo aliipenda kazi yake. Alizijua ngazi zote zinazoteleza, na kila mgeni aliyezipanda alimhesabu kama amana.

Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe, seremala mstaafu, pande la mtu asiyeogopa kitu isipokuwa mizimu. Tangu mkewe aajiriwe, hakuwahi kukanyaga ngomeni, na wanawe walimtania kwamba mwanamume wa nyumba ile ni mama. Safari hii alijikaza. Angekwenda kusikiliza mwenyewe; kama mzimu upo, mkewe ausimulie bila kuona haya, kazi ibaki.

Kesho yake jioni alishuka na wageni wa mwisho hadi chumba cha chini, ameshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Mkewe aliwaacha huko na kupanda juu kuanza kufunga milango, kama desturi yake.

Namna yake ya kufunga ilikuwa na sababu asiyopata kumwambia mtu. Mwaka wake wa kwanza alimfungia mzee mmoja katika chumba cha mnarani, bila kujua, kwa saa mbili nzima. Mzee aliita, kuta zikaimeza sauti yake. Alipomfungulia, alimkuta ameketi sakafuni, amekumbatia kofia yake. Tangu hapo hageuzi ufunguo kabla ya kubisha mara tatu na kutega sikio.

Chini kule, ukuta ukatoa sauti: ko-ko, kisha kimya kidogo, kisha ko. Wageni wakashikana mikono. Seremala, aliyetarajiwa kuwa wa kwanza kutoka mbio, akaanza kucheka mpaka akaegemea jiwe. Mlango wa karakana yake ulibishwa hivyohivyo miaka yote ya ndoa yao, pigo la tatu likichelewa kama linaomba radhi.

Alimngoja mkewe uani. "Mama watoto," alimwambia, "mzimu wenu nimeujua. Nimelala nao kitanda kimoja miaka thelathini na minane."

Mama Funguo hakucheka. Aliketi kwenye ngazi, na hapo ndipo alipomweleza mumewe habari za yule mzee. Mume akamshauri anyamaze tu. Yeye anabisha milango yake, wanaoona mzimu ni wao.

"Jana nilikuwa sijui," alijibu. "Leo najua. Nikinyamaza, nimewadanganya."

Asubuhi iliyofuata, mkuu akiwa amesimama nyuma ya kundi, aliwaeleza wageni kila kitu: mzee, kofia, na sauti ya kubisha inayosafiri ndani ya mawe. Kosa lake hakulificha. Alipomaliza, bwana mmoja alinung'unika kwamba ametoka mbali bure, na mkuu akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ndipo bibi mmoja mwenye mkongojo akauliza, "Na siku mtu akikujibu?"

"Namfungulia, bibi."

Bibi akamkabidhi mkoba wake amshikie. "Basi nipeleke mpaka juu kabisa," alisema. "Na twende polepole."

Mkuu akaufunika uso kwa daftari kuficha tabasamu, kisha akasogea kando ya ngazi, wakapita.