Sakafu ya Kina Zuwena

Juzi mjukuu wangu alikuwa akidurusu somo la utumwa kwa sauti, nami nikanusa tena chaki na udi.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu alisema kwamba mtumwa aliingia kwa mlango wa uani, akakaa chini hata kama viti vipo. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, si watumwa peke yao. Hata bibi yangu hukaa chini kwao Zuwena. Yeye anapenda ubaridi wa sakafu."

Zuwena, niliyekaa naye dawati moja, aliinamisha kichwa. Mwalimu alifuta ubao kabla hatujamaliza kunakili, akatwambia tuimbe.

Alasiri ile ile bibi alinichukua kwao Zuwena, kama kawaida yake, kwenda kumkanda miguu bibi wa nyumba ile. Tulipita uani. Ukumbini mlinukia udi. Bibi alivua ndara, akamwamkia "Shikamoo, Bi Mkubwa" mtu wa rika lake, kisha akakaa sakafuni na kichupa chake cha mafuta ya nazi.

"Bibi, mbona kiti kipo?" nilimnong'oneza.

"Hapa pana ubaridi, mwanangu," alijibu bila ya kuinua uso.

Leo najua kuwa bibi yangu alizaliwa uani mle, na mama yake hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Siku ile sikujua kitu. Niliona tu shingo yake iliyoinama, na Zuwena juu ya kochi akijisogeza ili anipe nafasi.

Nilikuwa na pa kukaa pawili. Nikabaki nimesimama mpaka ikaadhiniwa magharibi.