Maji ya Chumvi, Kabiro

Kila nilipombusu binti yangu, midomo yangu ilibaki na chumvi. Tulipanga chumba Kabiro, na maji ya visima vya huko mengi yana chumvi, kwa hiyo nilijua wa kulaumu. Nilimrudishia mama wa maji, aliyekuwa akituuzia, mtungi wake, nikamfokea mbele ya wateja: "Mtoto wangu namwosha na chumvi, na wewe unaniambia maji ni matamu!"

Alijaza kikombe, akaninyooshea. "Onja, mama."

Nilikataa. Nikaanza kununua kwingine.

Mtoto alizidi kukohoa na kukonda. Daktari alimpima jasho, kisha akanieleza: kwenye utando wa seli zake, protini ya kupitisha chumvi ilikuwa na hitilafu, ndiyo maana jasho lake lilijaa chumvi. Alirithi hitilafu hiyo kwetu sote wawili, mimi na baba yake, wazima wa afya. Chumvi ilikuwa yetu.

Tulimzika kabla hajaanza shule. Mama wa maji alikuja matangani na mitungi miwili ambayo hakuna aliyemwagiza. Akanijazia kikombe.

Safari hii nilionja. Yalikuwa matamu.