Mgeni Alipewa Giga Tatu

Jumapili ile, baada ya misa ya pili, tulikuwa sita katika nyumba yetu ya mbao: mimi, mkubwa wa nyumba; mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuwa anamaliza chuo; kitindamimba wetu, msichana wa miaka kumi na miwili; mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yetu, aliyekuja kwetu akikimbia vita kutoka upande wa Sake; na watoto wake wawili. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuwa kwake, lakini kati yake na sisi kuna ubao mmoja tu, kwa hiyo namhesabu naye. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema.

Baba alitangulia, mama akamfuata. Niliacha shule katika mwaka wa tatu wa sekondari, nikachukua meza ya mama sokoni, na mpaka leo nauza maharagwe na unga kwa kopo. Mdogo wangu alipenda kompyuta. Niliamua kwamba huyu atafika mwisho, na akafika mpaka wiki ile: Alhamisi alitakiwa kuonyesha kazi yake mbele ya walimu. Kazi isipowaka, mwaka umepotea, na mwaka mwingine wa kumpa sikuwa nao.

Kazi yenyewe nilieleweshwa hivi. Ndani ya kompyuta yake alikuwa ametengeneza kompyuta nyingine, isiyo na chuma wala kioo, inayoishi ndani ya ile ya kwanza na kutumia nguvu zake. Humo alitunza majina ya wagonjwa wa kituo cha afya, majina ya kubuni, aonyeshe jinsi wauguzi wangeweza kuyatafuta. Chuoni ile kompyuta ya chuma wanaiita mwenyeji, na ile ya ndani wanaiita mgeni. Neno hilo sikulitunga mimi.

“Yaya, imekwama tena,” alisema. Yaya ndivyo wadogo zangu wanavyoniita, kwa kuwa niliwatangulia kuzaliwa.

Nilisogea. Kitaa kidogo cha pembeni kilikuwa kinawaka bila kuzima, na mshale kwenye kioo ulikuwa umeganda.

“Shida ni nini?”

“Memwari. Haitoshi.”

“Mashine iko na ngapi?”

“Giga ine.”

“Na huyu mugeni umemupatia ngapi?”

“Tatu.”

“Sasa mwenyeji anakula nini?”

“Njo vile tulilelewa, yaya,” alijibu; njo kwetu ni ndiyo. “Mugeni anapewa ya kwanza.”

“Mwenyeji atalamba sufuria,” kitindamimba alisema, akacheka peke yake.

Mdogo wangu alizima kila kitu kwa nguvu, akawasha upya, akanionyesha mahali pa kugawa. Palikuwa na mstari mmoja mrefu, kijani upande wa kushoto, nyekundu upande wa kulia, na kidude cha kusukuma. Yeye alikuwa amekisukuma mpaka ndani ya nyekundu. Kompyuta siijui, lakini kugawa kisichotosha nakujua. Nilisema kwa sauti yangu ya sokoni, maana nyingine sina:

“Punguza! Huyu mugeni anakula mno. Mupatie moja, itamutosha. Mwenyeji akianguka, mugeni atalala wapi?”

Alirudisha kidude kwenye kijani. Akafunga kurasa zote za intaneti alizokuwa ameacha wazi, akamwondolea mgeni picha na mapambo, akabaki na maandishi meupe juu ya weusi. Mgeni akaamka, mwenyeji akapumua. Tulifurahi muda mfupi. Kisha akaniambia kwamba wageni lazima wawe wawili: mmoja wa kutunza majina, mwingine wa kuyauliza. Alipomwamsha wa pili, kitaa kikawaka tena bila kuzima. Tukajaribu nusu kwa nusu, tukajaribu robo. Sufuria ilikuwa ileile.

Uani, vyombo vilivyokuwa vinaoshwa vilikuwa vimenyamaza. Sikutilia maanani.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama mdogo amefunga mzigo wake kwa kitenge. Watoto walikuwa wamevaa viatu. Uji wake ulikuwa mezani, haujaguswa.

“Mama mudogo, unaenda wapi?”

“Tunarudi.”

“Wapi?” Kambi walimolala mwanzo, upande wa Lac Vert, ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na nyumba yao haikuwa na bati hata moja.

“Mutu akikuchoka, huulizi unaenda wapi.”

“Nani amekuchoka?”

“Si kinywa chako? Mugeni anakula mno, mupatie moja. Jirani pia alisikia. Nilipata haya mpaka nikamwaga maji.”

Nilimshika mkono, nikampeleka mezani, nikamwamsha mdogo wangu awashe kompyuta. Mama mdogo alitazama ule mstari wa kijani na nyekundu, akatazama maandishi meupe, akamtazama mdogo wangu usoni kuona kama anadanganya.

“Huyu njo mugeni?”

“Njo huyu.”

“Na hata tumbo hana.”

Watoto walicheka. Yeye aliketi, akavuta bakuli la uji. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna jambo sikumwambia, na sijamwambia hadi leo. Wiki zile nilikuwa nimeanza kweli kuhesabu makopo. Jioni nilikuwa napima maharagwe ya nyumbani na kuona mikono mitatu iliyoongezeka. Maneno yale ya Jumapili yalitoka upesi kwa sababu yalikuwa mdomoni tayari, yakingoja kazi.

Alipomaliza uji aliuliza, “Hicho chakula chake kinatoka wapi?”

Mdogo wangu alimweleza: ni kipande chembamba, kirefu kama kidole, mafundi wanakiita bareti. Ndani ya mashine yake kulikuwa na nafasi ya bareti ya pili, tupu. Mafundi wa mjini alikuwa amewazungukia wote. Tangu uwanja wa ndege ufungwe vipuri havikuingia, na kila mmoja alijibu ngoja.

“Jirani iko na mashine ya mutoto wake,” mama mdogo alisema.

Mimi nimeishi ubao mmoja na yule mama miaka mingi, sikujua. Mama mdogo alijua kwa sababu alikuwa anakaa naye mchana wakichambua sombe, majani ya muhogo, mmoja amepoteza nyumba, mwingine mtoto. Kijana wa jirani alikuwa rika la mdogo wangu. Wiki ile ya risasi, vita vilipoingia mjini, alitoka na bidoni, yaani dumu, kutafuta maji, na hakuonekana tena, wala mwili wake haukuonekana. Kompyuta yake mama aliifunga katika kitenge. Kila Jumamosi aliifungua na kubonyeza kitufe. Kioo kiliwaka, picha ya kijana ikatokea, na chini yake pahali pa kuandika neno la siri ambalo mama hakulijua. Aliitazama ile picha, kisha akafunga.

Tulikwenda watatu. Mama mdogo ndiye aliyeongea. Jirani alileta kitenge. Mdogo wangu alifungua mashine zote mbili kwa bisibisi, akaweka bareti kando ya bareti. Mkato mdogo wa pembeni ulikuwa mahali pamoja, na ya kijana nayo ilikuwa giga nne. Ndipo mikono yake ikasimama.

“Mama, iko nayo moja tu. Nikiitoa, mashine ya kaka haitawaka. Hata picha hamutaiona.”

Jirani alinitazama mimi.

“Siku ngapi?”

“Alhamisi jioni ninaileta,” nilisema. “Mimi mwenyewe.”

“Wewe nakujua. Lakini akirudi, akute inawaka.”

Alhamisi mdogo wangu alisimama mbele ya walimu watatu, mimi nikiwa kiti cha nyuma na nguo ya kanisani. Kila mgeni alipewa giga mbili, mwenyeji akabakiwa na nne. Wageni waliongea. Jina liliulizwa, jina likapatikana. Mwalimu mmoja alimuuliza kwa nini amemwachia mwenyeji nyingi hivyo.

“Yaya wangu anauza maharagwe,” alijibu, na walimu wakacheka wasijue wanacheka nini. Alipata distinksyo, alama za juu. Nililia kidogo chooni, nikanawa.

Tulifika nyumbani saa kumi. Bareti ilikuwa imekwisha kutolewa, nimeishika mkononi katika karatasi ya daftari. Kwa jirani kulikuwa na kufuli.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye jiwe la mlango wetu. Alisema mpita njia mmoja aliyetoka Bunagana alidai ameona pale mpakani kijana anayebeba mizigo, mwenye kovu kwenye nyusi kama la yule wetu. Jirani hakungoja hata maji yachemke. Alipanda gari saa sita, na kompyuta ameichukua katika kitenge, ili kijana aione na kujua kwamba ilitunzwa.

“Hukumukumbusha bareti?”

“Nilimukumbusha. Alisema hawezi kungoja jioni. Alisema, yaya yenu ataleta.”

Hajarudi. Simu yake haipatikani. Dereva mmoja alijitolea kupeleka bareti, nikakataa, kwa sababu mkono ule siujui. Kwenda mwenyewe nimepanga mara tatu, na mara tatu nimeshindwa kuiacha meza na vinywa vya nyumbani. Mama mdogo na watoto bado wako nasi. Makopo nayapima bila kuhesabu mikono, au najitahidi. Mdogo wangu anafanya kazi na mgeni mmoja kwa wakati, na nafasi ya pili katika mashine yake ni tupu. Hajaniomba hata mara moja kuijaza.

Bareti iko ndani ya kopo la sokoni, kwenye karatasi ileile. Kama yule mama amempata mwanawe, basi kijana amebonyeza kitufe, na kioo kimebaki cheusi, na mama amemwambia angoje, yaya wa jirani ataleta. Sijaleta bado.