Anabisha Hodi na Ufunguo Anao

Mwenye kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani huvaa funguo zao zote shingoni, lakini hafungui mlango kabla ya kubisha hodi na kuitikiwa, hata kama jibu lenyewe ni kikohozi tu. Maji ya kuwaogeshea huyapima kwa kiwiko, maana viganja vimekufa ganzi kwa sabuni. Gazeti lilipoandika kwamba kampuni yake ilimsahau bibi mmoja kitandani kutwa nzima, wahudumu wake walimjia juu wakitaka akanushe. "Nikanushe nini?" akawauliza. "Ratiba niliipanga mimi, na jina lake nililiruka mimi." Mwandishi alipopiga simu, alimkuta anamgeuza mzee ubavu wa pili. "Ngoja kwanza, mwanangu," akamwambia, akamwacha hewani mpaka mto ukakaa sawa. "Haya. Andika kwamba ni kweli. Na zamu za yule bibi kuanzia leo ni zangu."

Jioni hiyo alisimama mlangoni kwa yule bibi, akabisha. Akabisha tena.

"Si una ufunguo wewe? Ingia!" bibi akafoka.

"Ninao, bibi," akajibu, funguo zikining'inia kifuani. "Nilikuwa nasubiri unikaribishe."